Kompyuta ndogo, chumba kimoja, mtoto mchanga: nimeichochea prosesa, sasa inanguruma kama kinu cha posho

#1 JotoKali_Umoja (Julai, Ijumaa saa 5 usiku)

Wadau, salaam. Naandika kwa simu kwa sababu mtoto ndio amepata usingizi sasa hivi, na nikiiwasha ile mashine tu ataamka.

Naishi Umoja, Nairobi, chumba kimoja na jikoni. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari), na kazi yenyewe naifanya usiku, watu wakishalala na intaneti ikiwa na nguvu. Mwaka jana niliuza deskitopu yangu kubwa ya mtumba, nikaunda kadogo: madabodi ya Mini-ITX (ile ya sentimita 17 kwa 17) yenye chipseti ya B550, prosesa ni Ryzen 5 5600G, RAM GB 16 vijiti viwili, SSD ya M.2. Kasha ni la bati, dogo kuliko boksi la viatu. Kadi ya grafiki ya pembeni hakuna, haiwezi kuingia. Kipozeo ni kifupi, milimita 37 pamoja na feni yake ya 92. Pawa saplai ni ile nyembamba yenye kafeni ka milimita 40.

Ilikuwa kimya. Shida nimejitafutia mwenyewe. Niliingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine) nikaona kitufe cha ovakloki ya moja kwa moja, yaani kuichochea prosesa ipite mwendo wa kiwandani, kidole kikaniwasha, nikabonyeza. Sasa viini vyote sita vya prosesa vinakimbia gigahezi 4.5. Nikianza kutoa video, ndani ya dakika mbili joto liko nyuzi 95, feni imefika mizunguko 2,500 kwa dakika, halafu mwendo unaporomoka wenyewe hadi 3.9. Yaani kelele napata, mwendo sipati.

Pesti, ile ya kati ya prosesa na kipozeo, nimebadilisha mara mbili. Sitaki kurudi kwenye mwendo wa kiwandani kama nimeshindwa na kompyuta. Nina elfu nne. Ninunue feni gani kwenye maduka ya Luthuli mjini?

#2 Kababa_Kayole

Nunua hedifoni. Za mtoto.

#3 Bwana_Tupa

Usinunue chochote kwanza. Jibu haya matatu, na ujibu kwa namba, si kwa "naona ni kama".

Moja, volteji ya prosesa ikiwa kazini ni ngapi? Programu ya HWiNFO itakuonyesha. Mbili, ukitoa kifuniko cha kasha ukaendesha kazi ileile, joto linakuwa ngapi? Tatu, kutoka uso wa feni hadi kwenye matundu ya kifuniko ni milimita ngapi?

#4 JotoKali_Umoja (Jumamosi)

Shemeji alimtoa mtoto nje akaote jua, nikapata nusu saa ya kupima.

Volteji: 1.42. Bila kifuniko: nyuzi 87, na mwendo haukushuka, ulibaki 4.5 muda wote. Feni bado 2,500. Nafasi ya feni hadi kifuniko: milimita 12, kwa rula ya shule.

Chumba kilikuwa nyuzi 21. Julai hii mnaijua.

#5 Bwana_Tupa

Basi umejijibu. Pesti yako ni nzima, feni yako ni nzima. Nyuzi nane au zaidi zimeondoka kwa kutoa kipande cha bati tu. Nasema "au zaidi" kwa sababu ile 95 si joto lako la kweli. Ndiyo dari ya prosesa hiyo: ikifika hapo inajibana mwendo ili isipite. Bila kujibana ingekuwa juu zaidi.

Hebu fikiria jiko la makaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Feni yako inavuta hewa kutoka juu, inaisukuma chini kwenye mapezi ya kipozeo, hewa inatoka pembeni ikiwa moto. Inaenda wapi? Matundu ya pembeni ni membamba, na pawa saplai imeziba njia upande mmoja. Ile nafasi ya milimita 12 kati ya feni na kifuniko ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa hiyo hewa ya moto inapanda pembeni mwa feni, inazunguka, inaingia tena juu. Feni yako inakunywa maji yake ya kuoshea. Ukiiongezea kasi unaharakisha mzunguko uleule.

Feni ya elfu nne ingezungusha hewa hiyohiyo ya moto, ila kwa heshima zaidi.

Dawa ni pete. Ziba pengo kati ya ukingo wa feni na kifuniko pande zote nne, ili feni ilazimike kuvuta hewa ya nje peke yake. Kitu laini cha unene wa milimita 12 au 13 kinachobonyea kidogo kifuniko kikifungwa. Sponji ya godoro usiguse: inashika moto haraka na inamwaga unga baada ya miezi. Wengine hutumia katoni, inafanya kazi lakini inatetemeka. Mimi nilitumia soli ya pata pata.

#6 Kababa_Kayole

Soli ya pata pata 😂😂 Bwana_Tupa hii si radiator ya matatu.

#7 Mvita_Yakhe

Asikucheke mtu. Mie nipo Mombasa, chumbani kwangu saa nane mchana ni nyuzi 31 na pangaboi linazunguka juu, nami nimefanya pete hiyohiyo kwa kandambili. Inasaidia kweli.

Ila kabla ya kukata, washa kijiti cha udi. Mtoto awe nje. Shika udi karibu na kila tundu la kasha huku mashine ikifanya kazi, dakika moja tu, usikae ukafukiza kompyuta kama bibi harusi. Utaona moshi wapi unaingia na wapi unafukuzwa. Nilipofanya mie niligundua matundu ya nyuma, niliyodhani ni ya kutolea, yalikuwa yanavuta. Nilikuwa nimeyaelekeza ukutani, sentimita mbili tu, na ukuta wenyewe umepigwa jua la mchana. Nikaigeuza kasha, joto likashuka bila hata bisibisi.

Nyinyi wa Nairobi mnadeka. Baridi yote hiyo mnalia joto.

#8 Waya_Wangu

@Mvita_Yakhe baridi tunayo, hewa ndiyo hatuna. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ukipanda hadi mita 1,700 shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 19 kuliko kwenu. Kwa joto lilelile la chumba, feni yako ikisukuma ndoo moja ya hewa, ya kwangu inasukuma ndoo hiyohiyo ikiwa na robo tatu na ushee. Feni inazunguka sawa, unasikia upepo, lakini chembe za hewa za kubeba joto ni chache. Ndiyo maana vipimo vya vipozeo tunavyosoma vya watu walio karibu na usawa wa bahari, huku kwetu hutoka vibaya kidogo hata ukifuata kila kitu.

Bado afadhali huku. Nyuzi kumi za chumba zinashinda ndoo pungufu.

#9 Mvita_Yakhe

Basi tubadilishane. Nipe baridi nikupe hewa, na chumvi juu, ikulie bisibisi zote.

#10 Waya_Wangu

Narudi kwa mwenye uzi, maana watu wameshika feni wakaacha moto wenyewe.

Volti 1.42 kwa viini vyote sita ni nyingi mno kwa kipozeo cha milimita 37. Kile kitufe cha bayosi hakijui umeweka kasha gani. Kimetengenezwa ili mashine yoyote iwake, kwa hiyo kinamwaga volteji kama mtu anayetia chumvi bila kuonja.

Joto la chipu, ile sehemu inayotokana na kazi, linaenda sambamba na mwendo, lakini linaenda na volteji mara volteji. Piga hesabu: 1.42 mara 1.42 ni 2.02. Sasa 1.20 mara 1.20 ni 1.44. Ukigawa unapata 1.4. Zidisha na tofauti ya mwendo, 4.5 kwa 4.2, ambayo ni 1.07. Jumla 1.5. Maana yake ukiwa kwa 4.5 na volti 1.42 unazalisha joto mara moja na nusu ya lile la 4.2 kwa volti 1.20. Joto nusu zaidi ili upate asilimia saba ya mwendo. Halafu mwendo wenyewe hauupati, kwa sababu inajibana hadi 3.9.

Fanya hivi. Zima ile ovakloki ya kitufe. Ukifunga mwendo kwa mkono, prosesa inaacha kujipandisha na kujishusha yenyewe, na hizi Ryzen zinajua kujipandisha kuliko wewe. Ingia sehemu ya PBO kwenye bayosi, inayoongoza kujipandisha huko, weka kikomo cha umeme wa soketi ya prosesa, ile PPT, kiwe wati 65. Kiwandani chipu za daraja lako huja na 88. Kisha Curve Optimizer, inayopunguza volteji, viini vyote, anza na minasi 10. Endesha siku mbili. Ikitulia nenda minasi 15, halafu 20. Usiruke.

Na usidanganywe na jaribio la mzigo mzito peke yake. Curve Optimizer ikizidishwa, mara nyingi mashine haianguki ikiwa na kazi nyingi, inaanguka ikiwa imepumzika. Unasoma barua pepe, pap, imejizima. Ikifanya hivyo rudi hatua mbili.

Kama bado kidole kinawasha, chochea RAM. Grafiki ya 5600G iko ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Kutoka 3200 hadi 3600 utaiona kwenye video kuliko ungeongeza mia mbili kwenye prosesa. Ila pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima kabla ya kuiamini na harusi ya mtu. Makosa ya RAM hayapigi kelele. Yanaharibu faili na utajua mteja akikupigia.

#11 Mama_Zimmerman

Mimi si mtu wa kompyuta, nilikuja huku kutafuta bei ya printa. Lakini nimelea watoto wanne kwenye chumba kimoja, na mume wangu alikuwa fundi cherehani akifanya kazi usiku.

Kijana, mtoto hasumbuliwi na sauti. Cherehani iliwalaza wangu wote. Mtoto anasumbuliwa na sauti inayobadilika. Hiyo yako imenyamaza, ghafla inapaa, inashuka, inapaa tena. Hata mimi ningelia.

#12 Waya_Wangu

Mama, umesema kwa mistari miwili kitu ambacho watu wanaandika kurasa kumi.

@JotoKali_Umoja msikilize. Ryzen inaruka nyuzi kumi na tano ndani ya sekunde moja ukifungua tu ukurasa wa intaneti, na feni inaikimbilia. Kwenye bayosi kuna mahali pa kuweka muda ambao feni inasubiri kabla ya kupanda au kushuka. Weka muda mrefu kadiri inavyokubali. Halafu chora mstari uliolala: mizunguko 1,100 kutoka baridi hadi nyuzi 60, ipande taratibu hadi 1,500 kwenye nyuzi 75, na isipite hapo mpaka 85. Ukishuka kutoka 2,500 hadi 1,500 kwa feni ileile unapunguza karibu desibeli 11, na desibeli 10 sikio husikia kama sauti imekatwa nusu.

#13 JotoKali_Umoja (Jumatano)

Asante mama, na asanteni wote. Ripoti.

Jumapili niliweka 65 na minasi 10. Jana nimefika minasi 15. Pete nimekata. Kwa bahati mbaya pata pata iliyokuwa mlangoni haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mtoto, ya kushoto. Nilikuwa nimeshachora na kalamu nilipotambua, nikaona bora nimalize.

Bila pete, kwa wati 65, feni 1,500: nyuzi 84. Na pete: 78. Sikuamini, nikaitoa, nikarudisha. 84, 78. Kipande cha mpira cha shilingi mia moja hamsini.

Mwendo wa viini vyote unakaa 4.2, mara 4.25, haushuki. Filamu ya saa moja iliyokuwa inachukua dakika 52 sasa imechukua 48. Nimepunguza uchochezi nikapata mwendo. Naona aibu kidogo.

Imebaki sauti mbili. Moja ni mfano wa mtu anapiga mluzi kwa meno, inatoka kwenye matundu ya kifuniko. Nikiweka kidole karibu inabadilika. Ya pili ni kafeni ka pawa saplai, kama mbu.

#14 Bwana_Tupa

Mluzi ni matundu. Kiwanda kimetoboa bati vitundu vidogo vidogo, na zaidi ya nusu ya eneo ni bati, si tundu. Hewa inapasuka kwenye kila ukingo. Kata duara lote, milimita 88 hivi ukiwa na feni ya 92, weka wavu wa waya mnene juu ili kidole cha mtoto kisiingie mwaka ujao akianza kutambaa. Waya wa mviringo hauimbi.

Nenda Kamukunji. Tafuta fundi anayefanya masanduku ya shule, si wa majiko, mkono wake ni mwepesi kwenye bati jembamba. Mpelekee kifuniko PEKE YAKE. Usimpelekee kompyuta. Usibaki na madabodi ndani ukasema utaifunika na gazeti.

Na umchoree kwenye katoni. Ukimwambia "tundu la sentimita tisa" atakupa sentimita tisa kwa macho yake.

#15 Ngara_Solder

Naongezea kabla hujafungua chochote, maana naona mtu anatoa na kurudisha kipozeo. Kwenye soketi ya AM4, ndiyo ya prosesa yako, miguu iko kwa prosesa, 1,331, myembamba kama unywele. Pesti ikikauka inashika kama gundi. Mimi nilivuta kipozeo kikiwa baridi, moja kwa moja juu, kikatoka na prosesa imening'inia chini yake, ingawa kile kiwenzo cha soketi kilikuwa kimefungwa. Miguu kumi na mbili ikapinda. Nilishinda Jumapili nzima nainyoosha kwa ncha ya wembe na kioo cha kukuzia, mke wangu akidhani nasali.

Washa mashine dakika kumi ipate moto, zima, chomoa, halafu zungusha kipozeo kushoto kulia taratibu mpaka kiachie. Ndio uinue.

#16 Kababa_Kayole

Mimi huwa naweka dawa ya meno badala ya pesti na sijawahi kufa.

#17 Ngara_Solder

Wiki ya kwanza inafanya kazi kwa sababu ina maji. Maji yakikauka unabaki na chaki. Utakuja hapa.

#18 JotoKali_Umoja (Jumamosi iliyofuata)

Kamukunji nimeenda. Kelele ya pale, wadau, ukirudi nyumbani kila kompyuta ni kimya. Fundi, mzee wa makamo, aliangalia katoni yangu, akaangalia kifuniko, akaniuliza ni cha nini. Nikamwambia ni dirisha la kompyuta. Akasema, "Na kompyuta nayo inaishi bedsitter." Alizungusha patasi na nyundo ndogo, dakika saba, akapiga ukingo ukajikunja ndani. Shilingi mia tatu. Hakuna drili iliyotumika na duara lilikuwa duara.

Ukingo nimeuvalisha mrija mwembamba wa plastiki niliopasua katikati, na wavu nimetoa kwenye feni mbovu ya stendi.

Sasa makosa yangu. Nilifika nyumbani nikaona wavu hauingii sawa, nikachukua tupa nikapiga mara tatu, nne, kifuniko kikiwa kwenye kasha. Mara nne tu. Nikabonyeza kuwasha: taa ikawaka nusu sekunde, ikazima. Tena. Ikazima. Nilihisi damu inaenda miguuni, kwa sababu harusi ya Kitengela ilikuwa humo na sijaitoa.

Nilichomoa kila kitu. Nikachukua sumaku ya spika mbovu nikaifunga kwa kitambaa, nikaipitisha chini ya madabodi, ikatoka na kijinywele cha bati kilichokuwa kimelala karibu na nguzo ya skrubu. Nikapiga brashi laini, nikarudisha, ikawaka. Pawa saplai ilijizima kujilinda, nadhani, Mungu ni mwema.

#19 Bwana_Tupa

Nilisema PEKE YAKE kwa herufi kubwa.

Una bahati kasha lako ni chuma. Lingekuwa la alumini sumaku isingeona kitu.

#20 JotoKali_Umoja

Nakubali, mzee. Namba: nyuzi 74, feni 1,500, mluzi umeisha kabisa. Sasa nimebaki na mbu.

Nimeona video, mtu anafungua pawa saplai anabadilisha kale kafeni. Naweza?

#21 Waya_Wangu

Hapana.

Nitaeleza kwa sababu najua utafungua nikisema tu hapana. Stima yetu ni volti 240. Ndani ya pawa saplai inanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa zaidi ya volti 300, na hiyo inaweza kukaa humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Haikupi onyo. Wewe una mtoto mchanga. Na hata ukifaulu, ukiweka feni tulivu inayopuliza kidogo, utaipika pawa saplai yenyewe, kwa sababu ilipangiwa ile hewa ya mbu.

Kafeni ka milimita 40 hakawezi kunyamaza. Mapanga ni madogo, lazima yakimbie sana ili yasukume hewa ya maana. Kwa hiyo kaondoe kabisa. Kwa matumizi yako ya sasa, jumla huwezi kupita wati mia na kidogo. Nunua bodi ndogo ya kugeuza umeme inayochomekwa kwenye soketi ya pini 24 ya madabodi na chaja ya nje ya volti 12, ampea 12.5, hiyo ni wati 150. Hakuna feni. Joto la kugeuza stima linabaki sakafuni, nje ya kasha, na pale pawa saplai ilipokuwa panabaki wazi, hewa ya moto inapata mlango.

Tahadhari mbili. Chaja za laptopu nyingi ni volti 19. Usichomeke kwenye bodi ya volti 12 kwa sababu tu kichwa kimeingia. Na chaja zinazouzwa na karatasi ya "150W" bila uzito wa maana mkononi, zirudishe. Nilinunua moja mjini, duka silitaji, ilikuwa nyepesi kama boksi la kiberiti. Kwa wati 90 ilianza kunuka.

Upime kwa saa mbili ukiwa macho, chaja ikiwa juu ya vigae, si chini ya kitanda na nguo.

#22 Mvita_Yakhe

Na waya wake upitishe nyuma ya kitanda. Mtoto akianza kutambaa wa kwanza kuonjwa ni huo.

#23 JotoKali_Umoja (Agosti)

Nimemaliza. Ile pawa saplai nyembamba nimemuuzia kijana wa Donholm, ikalipa nusu ya chaja. Chaja ikiwa kazini ni vuguvugu tu, mkono unakaa juu yake bila shida.

Kwa filamu ya saa moja, feni 1,400, chumba nyuzi 21: joto 71. RAM iko 3600, MemTest86 imepita usiku mzima, stima haikupotea, muujiza. Kazi ileile sasa dakika 46. Mita ya soketi ya ukutani ilikuwa inasoma wati 140 nilipoanza uzi huu, sasa 92. Nikifanya kazi saa sita kila usiku ni karibu uniti nane na nusu za tokeni za stima kwa mwezi ambazo sinunui.

Feni nimeishika kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli badala ya skrubu, mtetemo hauendi kwenye bati. Juu ya wavu nimevuta stokingi, kwa sababu barabara yetu inachimbwa na vumbi ni la kula.

Jana usiku nimetoa harusi nzima ya Kitengela na mtoto amelala mita moja na nusu kutoka kwenye kasha. Sasa nasikia kitu kingine kinavuma chumbani. Nimekitafuta dakika ishirini. Ni UPS, ile betri ya akiba stima ikipotea. Nilikuwa nayo miaka mitatu sijawahi kuisikia.

#24 Waya_Wangu

Karibu. Baada ya UPS utasikia friji. Baada ya friji, ya jirani.

#25 Mama_Zimmerman

Mtoto hajambo?

#26 JotoKali_Umoja

Hajambo mama. Ana jino.

#27 Sato_SouthB (Februari)

Samahani kufufua uzi. Nina kasha la ukubwa huo na prosesa hiyohiyo, nimefuata kila kitu hapa, na wiki mbili hizi joto limepanda kutoka 72 hadi 83 bila kugusa kitu. Nimepunguza hadi minasi 20, hakuna tofauti kubwa. Curve imeharibika?

#28 Waya_Wangu

Chumba chako ni nyuzi ngapi sasa, na kilikuwa ngapi ulipopima 72?

#29 Sato_SouthB

Sasa 28. Ile siku sikuandika, ilikuwa Agosti, tulikuwa tumevaa sweta.

#30 Waya_Wangu

Basi nyuzi sita au saba ni za Februari, si za kompyuta. Chumba kikipanda moja, prosesa nayo inapanda karibu moja, hakuna feni inayoweza kubishana na hilo. Siku zote andika joto la chumba pembeni ya namba yako. Zilizobaki, nne au tano, tafuta vumbi.

@JotoKali_Umoja yako inasoma ngapi?

#31 JotoKali_Umoja

80. Chumba 27. Ngoja nivue stokingi.

#32 JotoKali_Umoja

Stokingi imekuwa nyekundu kama barabara ya murram. Nimeiosha, nimeweka nyingine: 77. Nitakuwa naiosha kila tarehe ya kodi, sitasahau.

#33 Sato_SouthB

Yangu haina stokingi kabisa, nilidhani ni mzaha. Na pete yangu ni ya katoni, imelegea. Hiyo pata pata ya kulia bado iko?

#34 JotoKali_Umoja

Iko. Njoo Umoja uichukue, lakini bei uongee na mama mtoto. Mimi hilo jambo silizungumzii tena.